Siku ya Kukata Malisho: Wingi, Ubora na Uhai wa Shina

Majani ya malisho ya ukanda wa joto hukua upesi na kuzeeka upesi. Nepia, ambayo Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la mabingobingo au majani tembo, hurefuka kwa sentimita kadhaa kwa siku masika yanapokolea, na katika wiki chache jani laini hugeuka bua ambalo ng'ombe hulisukuma pembeni mwa kihori. Ndiyo maana siku ya kukata ina uzito kuliko mambo mengi yanayojadiliwa kwa bidii zaidi katika vyama vya wafugaji wa maziwa. Mbegu iliyosifiwa ikikatwa kwa kuchelewa humlisha ng'ombe vibaya kuliko majani ya kawaida yaliyokatwa kwa wakati wake, na shamba lenye rutuba likikatwa ovyo hudhoofika mbele ya macho ya mwenyewe.

Tangu siku linapokatwa, shina la majani hupitia hali tatu zinazofuatana. Mwanzoni halina majani ya kutosha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo huishi kwa akiba ya sukari na wanga iliyo katika sehemu ya chini ya mabua na kwenye mizizi. Ukuaji wa siku hizo ni wa polepole. Kisha majani mapya hufunguka, hunasa mwanga, na shina huanza kujitegemea. Hapo uzito wa malisho huongezeka kwa kasi siku hadi siku. Mwishowe majani huifunika ardhi kabisa. Yale ya chini hukosa mwanga, hugeuka njano na kufa, huku mmea ukirefusha bua ili kuyapeleka majani ya juu kwenye jua. Uzito wa shamba bado unapanda, lakini kinachoongezeka sasa ni bua na majani makavu.

Mpaka kati ya hali ya pili na ya tatu ndio wakati wa kukata. Watafiti wa Brazil waliuchunguza mpaka huo kwa undani katika majani ya ginea kwa kupima kiasi cha mwanga kinachopenya hadi ardhini. Waliona kwamba majani yanapofikia kunasa takriban asilimia 95 ya mwanga, bua huanza kurefuka na majani ya chini huanza kufa. Kwa aina iitwayo Mombaça, hali hiyo hufikiwa majani yakiwa na kimo cha karibu sentimita 90. Kwa aina iitwayo Tanzânia, karibu sentimita 70. Aina zote mbili asili yake ni Afrika Mashariki, ambako watafiti wa Kifaransa walikusanya mbegu za ginea mwaka 1967 na 1969. Baadaye zilifika Brazil, zikachujwa na kutolewa kwa wafugaji wa huko na shirika la utafiti wa kilimo la Embrapa. Ginea huota yenyewe kandokando ya barabara na chini ya miti katika sehemu nyingi za Tanga na pwani ya Kenya, na vipimo hivyo vya kimo vinamfaa mfugaji wa huku kama vinavyomfaa wa Brazil.

Ubora wa malisho hushuka kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kwamba uwiano wa jani na bua hubadilika: jani lina protini nyingi na humeng'enywa kwa urahisi, bua lina nyuzinyuzi nyingi. Ya pili ni kwamba jani na bua vyenyewe hukomaa. Kuta za seli huwa nene na kujazwa lignini, kitu kigumu ambacho vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe haviwezi kukivunja, na ambacho huzuia hata nyuzinyuzi zilizo jirani nacho zisimeng'enywe. Nepia ya wiki nne hadi sita, katika udongo wenye mbolea, huwa na protini ghafi ya kati ya asilimia 10 na 13 ya uzito mkavu. Ikiachwa hadi wiki 12, kiwango hicho hushuka hadi karibu asilimia 7 au chini yake.

Kiwango cha asilimia 7 kina maana yake. Vijidudu vya tumbo la kwanza huhitaji naitrojeni ili viongezeke na kufanya kazi. Protini ya malisho ikishuka chini ya hapo, vijidudu hupungua, chakula hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na ng'ombe hupunguza kula hata kama kihori kimejaa hadi juu. Mfugaji huona ng'ombe ameacha majani na kudhani ameshiba. Kwa kweli tumbo limejaa chakula kisichosonga, na mwili una njaa. Maziwa hupungua, kisha mnyama hukonda, kisha huchelewa kupata joto la uzazi. Wakati huo mwenye ng'ombe huwa ameanza kutafuta ugonjwa, ilhali chanzo kiko kwenye kihori.

Hesabu ya mfano inaonyesha ukubwa wa tofauti. Ekari moja ya nepia, katika msimu wa mvua wa wiki 12, inaweza kukatwa mara mbili kila baada ya wiki sita, au mara moja tu mwishoni. Tuseme kila mkato wa wiki sita unatoa tani 1.2 za uzito mkavu zenye protini asilimia 11: jumla ni tani 2.4 na kilo 264 za protini. Mkato mmoja wa wiki 12 unaweza kutoa tani 3.4 zenye protini asilimia 6.5: protini yake ni kilo 221. Aliyesubiri amebeba tani moja zaidi mgongoni au kwenye mkokoteni, na amepata protini pungufu. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya tani hiyo ya ziada ni mabua yatakayobaki kwenye kihori na kuishia kwenye lundo la samadi. Anayepima shamba kwa idadi ya mizigo humwona huyu wa pili kuwa amevuna vizuri. Anayepima kwa ndoo ya maziwa hatamwona hivyo.

Ucheleweshaji hauletwi na uzembe. Mfugaji mwenye eneo dogo huhofia kiangazi, na majani marefu shambani humpa utulivu, kwa kuwa anayaona kama ghala. Ghala hilo lakini huharibika kila siku likiwa limesimama. Nepia iliyofika mita mbili na nusu mwezi Juni itakuwa bado imesimama mwezi Agosti, lakini itakuwa kuni zaidi kuliko chakula. Hofu ya kiangazi ni ya haki kabisa; jibu lake ni kukata kwa wakati na kuhifadhi ziada, jambo linaloelezwa mbele zaidi.

Kwa nepia, ushauri uliozoeleka Kenya na Tanzania ni kuanza kuvuna miezi mitatu hadi minne baada ya kupanda, shina likiwa limeshika ardhi vyema na kufikia kimo cha takriban mita moja, kisha kukata kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua, majani yakiwa na kimo cha sentimita 60 hadi 100. Kati ya wiki na kimo, kimo ndicho kipimo cha kuaminika zaidi, kwa sababu wiki sita za Muheza hazilingani na wiki sita za Limuru. Katika joto la ukanda wa chini majani hufikia sentimita 80 upesi, na lignini hujengeka upesi pia. Kwenye baridi ya nyanda za juu majani hayohayo huhitaji wiki nane, kumi au zaidi, na hukaa laini kwa muda mrefu zaidi. Kijiti kilichotiwa alama mbili, moja ya kimo cha kuvuna na nyingine ya kimo cha kisiki, kikikaa bandani kinamwongoza hata kijana wa kazi aliyeajiriwa jana. Ipo pia dalili ambayo macho husoma bila kijiti: majani mawili au matatu ya chini kabisa yakianza kuwa njano, siku ya kukata imefika.

Kukata mapema mno nako kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na mizizi. Shina linalokatwa kila wiki tatu hutoa majani matamu yenye protini nyingi, lakini halipati nafasi ya kurudisha akiba liliyoitumia kuchipua. Mwaka 1955 mtafiti wa Kimarekani Crider alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mmea wa nyasi ukiondolewa sehemu ndogo ya majani yake, mizizi huendelea kukua. Ukiondolewa zaidi ya nusu kwa mara moja, mizizi mingi husimama kukua kwa muda. Mkato wa malisho ya kubeba huondoa zaidi ya nusu kila mara, kwa hiyo kila mkato ni kipindi cha kusimama kwa mizizi. Mikato ikifuatana bila nafasi, mizizi hubaki mifupi na kukaa juujuu, shina hushindwa kufikia maji ya chini kiangazi kinapoingia, machipukizi hupungua, na magugu hupata mwanga na nafasi. Majani machanga mno yana pia maji mengi: nepia ya wiki nne wakati wa mvua kubwa inaweza kuwa na uzito mkavu wa asilimia 12 tu, hivyo ng'ombe hujaza tumbo maji. Kuyanyausha kwa saa kadhaa kivulini kabla ya kulisha husaidia kiasi.

Kimo cha kisiki kinachoachwa ardhini huamua mmea utaanza upya kutoka wapi. Nepia huchipua kutoka kwenye macho yaliyo katika vifundo vya chini na kutoka kwenye shina lililo usawa wa udongo. Wakati wa mvua, kisiki cha sentimita 5 hadi 10 kinatosha. Kiangazi kinapokaribia, sentimita 10 hadi 15 ni salama zaidi kwa kuwa akiba nyingi ya chakula iko hapo. Anayekwangua hadi kwenye udongo hujeruhi macho, huondoa akiba, na huchanganya majani na mchanga ambao ng'ombe hataupenda. Anayekata juu sana, kwenye sentimita 30 au 40 ili asiiname, huacha mabua yanayokomaa kuwa magumu. Machipukizi hutokea kwenye vifundo vya juu, huwa membamba, hayana mizizi yake yenyewe na huvunjika kwa upepo. Shamba lililoharibika hivyo hurekebishwa mwanzoni mwa mvua kwa kulifyeka lote hadi sentimita 5, kuondoa mabua makavu, kupalilia na kuweka samadi kati ya mistari. Kazi hiyo ifanywe mvua ikiwa imeshika, kamwe isifanywe katikati ya jua.

Chombo chenyewe kina mchango wake. Panga au mundu wenye makali huacha jeraha safi linalofunga haraka. Panga butu hupasua bua na kuling'oa shina, hasa kwenye udongo uliolowa. Kunoa asubuhi kabla ya kwenda shambani ni kazi ndogo inayoongeza miaka ya shamba.

Mbinu hizi hubadilika kwa kila aina ya majani, na kosa la kawaida ni kuyatendea yote kama nepia. Majani ya Rhodes, ambayo aina zake za Boma na Elmba zinalimwa sana Kenya, huchanua mapema na ubora wake huanguka ghafla baada ya mbegu kuanza kujaa. Anayetaka hei nzuri huyakata yanapoanza tu kuchanua, akiacha kisiki cha karibu sentimita 10. Kusubiri wiki mbili zaidi ili marobota yaongezeke ndiko kunakolijaza soko hei ya rangi ya majani ya kuezekea. Brakiaria, ambayo asili yake ni Afrika na ambayo imerudi Kenya na Tanzania katika aina zilizoboreshwa kama Mulato II, Piatá na Basilisk, ina mabua membamba na majani mengi, kwa hiyo husamehe ucheleweshaji wa wiki moja au mbili kuliko nepia. Mikato ya kila wiki sita hadi nane, kwa kisiki cha karibu sentimita 10, huifaa.

Majani ya Guatemala ni suala tofauti. Hupandwa sana Kilimanjaro, Usambara na nyanda nyingine za Tanzania, mara nyingi kwenye kingo za makinga maji, na hupendwa kwa sababu hubaki ya kijani kiangazi kikiwa kikali. Haichanui kwa urahisi, kwa hiyo hukaa na majani kwa muda mrefu. Lakini haivumilii kukatwa mara kwa mara na chini sana; shina lake hufa upesi likikamuliwa kwa namna ambayo nepia ingeistahimili. Kinachofaa ni kuiachia nafasi ndefu kati ya mkato na mkato pamoja na kisiki kirefu zaidi, na kuihesabu kuwa majani ya kuvukia kiangazi. Protini yake ni ndogo, na ng'ombe wa maziwa anayelishwa majani hayo peke yake anahitaji mashudu, lukina au majani mengine ya jamii ya kunde.

Mahali ambapo desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, imepandwa kati ya mistari ya nepia, mkato unapaswa kuzingatia mmea ulio dhaifu zaidi. Desmodiamu hutambaa na kuchipua kutoka kwenye vikonyo vyake, na ikikatwa usawa wa ardhi kila wiki sita hutoweka ndani ya msimu mmoja au miwili. Kisiki cha sentimita 10 hadi 15, pamoja na kuiruka desmodiamu katika baadhi ya mikato, huilinda. Faida yake ni kubwa: huongeza protini ya mlo wote na kurudisha naitrojeni kidogo kwenye udongo.

Jambo linalosahaulika zaidi katika ukataji ni kile kinachobebwa pamoja na mzigo. Majani yanayoliwa na ng'ombe malishoni hurudi sehemu kubwa ardhini kama kinyesi na mkojo. Yale yanayokatwa na kubebwa huondoka kabisa. Ekari moja inayotoa tani 6 za uzito mkavu kwa mwaka, zenye protini asilimia 10, hupoteza karibu kilo 96 za naitrojeni. Kiasi hicho ni sawa na kilichomo katika mifuko zaidi ya minne ya urea ya kilo 50. Potasiamu inayoondoka mara nyingi huwa nyingi kuliko hapo. Miteremko ya Kilimanjaro inaonyesha mwendo huu waziwazi: kwa vizazi, majani yamekuwa yakikatwa tambarare na kupandishwa hadi kwenye zizi lililo kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na samadi imekuwa ikilisha migomba na kahawa. Kihamba kimenufaika, na sehemu yanakokatwa majani imekuwa ikilipa. Popote samadi yote inapoishia kwenye mahindi au migomba, shamba la malisho linachimbwa kama mgodi, na hakuna ratiba ya kukata itakayoliokoa.

Kwa hiyo samadi au tope la banda inapaswa kurudi kwenye mistari iliyotoka kukatwa. Njia rahisi ni kuchimba mfereji mdogo kati ya mistari, kumimina tope humo na kufunika kwa udongo siku hiyohiyo, maana naitrojeni ya tope hupotea hewani likiachwa wazi kwenye jua. Anayetumia mbolea ya urea au CAN aweke wiki moja hivi baada ya mkato, udongo ukiwa na unyevu, kiasi kidogo baada ya kila mkato badala ya mfuko mzima kwa mara moja. Mbolea ya naitrojeni huongeza wingi na protini pia, lakini protini hiyo huonekana katika wiki za mwanzo. Majani yakiachwa yazeeke, faida hugeuka mabua. Anayenunua urea kisha akachelewa kukata amenunua mabua kwa bei ya urea.

Tahadhari moja inafaa hapa. Majani yaliyowekewa naitrojeni nyingi, kisha yakapigwa na ukame na kuchipua ghafla mvua ya kwanza inaponyesha, yanaweza kulimbikiza naitreti kiasi cha kumdhuru ng'ombe. Ni busara kuyaacha siku kadhaa na kuyachanganya na majani makavu. Mtama na jamaa zake una hatari nyingine: machipukizi yake machanga, hasa yaliyo chini ya nusu mita au yaliyonyauka, yana sumu ya sianidi, na hayafai kulishwa kabisa katika hali hiyo.

Mpangilio wa shamba ndio unaofanya nadharia hii iwe kazi ya kila siku. Ng'ombe wa kilo 400 hula uzito mkavu wa karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Kwa nepia yenye uzito mkavu wa asilimia 18, hizo ni takriban kilo 67 za majani mabichi. Ekari inayotoa tani 6 za uzito mkavu kwa mwaka ina chakula cha siku 500 za ng'ombe mmoja kwenye karatasi. Ukiondoa mabaki ya kihori na kutolingana kwa misimu, ekari hiyo inamtosha ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake. Anayefuga watatu kwenye ekari moja atalazimika kukata mapema, kila mara, hadi shina life. Tatizo lake halitatuliwi na panga.

Shamba ligawanywe vipande vinane vinavyokaribia kulingana, kila kimoja kikatwe kwa wiki moja, na mzunguko urudi kwenye kipande cha kwanza baada ya wiki nane. Katika nyanda za chini zenye mvua, vipande sita vinatosha. Ugumu hutokea wakati mvua inapokolea na majani kukua kuliko ng'ombe wanavyokula: kipande cha tano kinafikia mita moja na nusu huku zamu bado iko kwenye cha tatu. Wengi hufuata foleni, na matokeo yake ni kwamba kila siku ng'ombe analishwa majani yaliyozeeka, kipande baada ya kipande, msimu mzima. Kinachofaa ni kuivunja foleni. Vipande vilivyopitwa na wakati vikatwe vyote kwa siku moja au mbili kwa ajili ya kuhifadhi, na ng'ombe arukie kipande chenye kimo sahihi.

Ziada hiyo ya masika ndiyo chakula cha kiangazi. Nepia haikauki vizuri kuwa hei kwa sababu ya unene wa bua, hivyo hufaa zaidi kwa sileji. Hukatwa ikiwa na kimo cha karibu mita moja, hunyaushwa kwa nusu siku hadi siku nzima, hukatwakatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, hunyunyiziwa molasi kwa kiasi cha takriban kilo 3 kwa kila kilo 100 za majani, kisha hushindiliwa kwa nguvu katika shimo au mfuko wa plastiki mpaka hewa itoke, na kufungwa kabisa. Molasi inahitajika kwa sababu nyasi za ukanda wa joto zina sukari kidogo ya kulisha bakteria wanaotengeneza asidi. Baada ya wiki nne hadi sita sileji huwa tayari. Haitakuwa bora kuliko majani yaliyoingia shimoni: nepia iliyozeeka ikivundikwa hutoka ikiwa nepia iliyozeeka yenye harufu ya siki.

Kwa Rhodes na nyasi nyingine nyembamba, hei ndiyo njia. Hukatwa asubuhi umande ukishakauka, katika siku zenye dalili ya jua la siku tatu mfululizo, hugeuzwa mara moja au mbili, na hufungwa ikiwa bado na ukijani. Mfugaji asiye na mashine hutumia sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, lililo wazi juu na chini, ambalo hutoa robota la karibu kilo 20. Majani yakanyagwe vizuri, kamba zifungwe, na robota lihifadhiwe juu ya magogo, mbali na mvua na mchwa.

Mkato wa mwisho kabla ya kiangazi unastahili kupangwa mapema kuliko mikato mingine yote. Shina likikatwa mvua zikiwa zimeshakwisha, huchipua kwa kutumia akiba, halipati maji ya kukuza majani, na huingia kiangazi likiwa halina kitu. Katika maeneo yenye masika yanayoishia Mei, mkato huo ufanyike wiki nne hadi sita kabla ya udongo kukauka, kwa kisiki cha sentimita 15, ili majani mapya yafunike shina na kurudisha akiba. Katikati ya ukame mkali ni afadhali kulisha hei, sileji, mabua ya mahindi na majani ya migomba kuliko kukata machipukizi ya sentimita 30 yanayojaribu kuishi.

Ukataji pia ndio wakati wa kulichunguza shamba. Ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, unaosambazwa na mdudu mdogo anayeruka kutoka jani hadi jani na kwa vipando vilivyoambukizwa, mara nyingi hujitokeza baada ya mkato: shina lililokuwa refu huchipua majani madogo ya njano, yaliyosongamana, na kila mkato unaofuata huyafanya mafupi zaidi. Ugonjwa wa fugwe, ambao hugeuza kichwa cha nepia kuwa unga mweusi, huondoa uzito kwa namna hiyohiyo ya polepole. Shina lenye dalili ling'olewe lote na kuchomwa au kuzikwa, na pengo lipandwe kipando kutoka shamba safi. Kwa fugwe, aina kama Kakamega 1 na Kakamega 2 zilichaguliwa Kenya kwa sababu ya ustahimilivu wake. Mapengo mengine hujazwa mwanzoni mwa mvua. Shamba ambalo machipukizi yamekuwa machache na membamba, na katikati ya shina pamebaki kitako kikavu, hung'olewa kipande kimoja kila mwaka na kupandwa upya kwa samadi, ili vipande vilivyobaki viendelee kulisha ng'ombe.